Mkono Ulioshika Maikrofoni

Wanafunzi wangu wa isimu huamini kwamba kinasa sauti hakidanganyi. Kila niwasikiapo humkumbuka Hugh Tracey, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1903 na kufariki mwaka 1977.

Tracey hakuja Afrika kutafuta muziki. Alikwenda Rhodesia ya Kusini akiwa kijana kumsaidia kaka yake katika shamba la tumbaku, na huko vibarua wa Kishona wakamfunza lugha na nyimbo zao. Mnamo 1929 aliwapeleka vijana kadhaa wa kabila hilo Johannesburg wakarekodiwe. Baadaye alikuwa mtangazaji mjini Durban, na mwaka 1954 akaanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ambayo leo imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Mfululizo wake mmoja tu una santuri 210.

Kwetu Kenya alirekodi mwaka 1950 ule wimbo wa Wakipsigis uitwao Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilitangulia kufika kijijini. Kikalenjin hakitofautishi j na ch, basi mgeni huyo akapewa jina la kienyeji bila kuulizwa!

Lakini Tracey hakuwa msikilizaji tu. Maikrofoni aliishika kwa mkono wake mwenyewe, akaisogeza kwa mwimbaji mkuu, akaipeleka penye ala, kisha akairudisha kwa waitikiaji. Na kwa kuwa santuri ya siku hizo ilibeba dakika tatu hivi kila upande, wimbo ambao ungeendelea usiku kucha ulikatizwa papo hapo. Uhariri ulikwisha kufanyika kabla ya wembe kugusa utepe. Isitoshe, alipenda muziki aliouona kuwa wa asili na kuusikitikia ulioiga wa Kizungu, ingawa, kwa bahati njema, mwaka 1952 alimrekodi mpiga gitaa Mwenda wa Bayeke kule Jadotville, Kongo.

Simlaumu, pasipo yeye nyimbo nyingi zingalizikwa pamoja na waimbaji wake. Ila mimi, nitafutaye lugha, hukosa katika santuri zile mazungumzo yaliyotangulia wimbo, mizaha ya watazamaji na ubeti uliofuata dakika ya tatu. Kwa hiyo mwanafunzi akiniletea utepe wake kutoka nyanjani, namtaka kwanza aniandikie maikrofoni ilikuwa wapi, na ni nani aliyeamua kuizima.