Krapf na Neno Lenye Maana Nyingi

Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka wa 1810 huko Derendingen, Ujerumani. Alifika Mombasa mwaka wa 1844 akitokea Uhabeshi. Mwezi wa Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Julai akamzika mkewe, Rosine, pamoja na mtoto wao mchanga. Tafsiri haikukoma.

Ugumu ulimngoja katika aya ya pili tu. Neno la Kiebrania lililopo hapo huweza kuwa upepo, pumzi au roho. Waingereza, ambao ndio waliomtuma, wana neno moja linalobeba roho, mzuka, ari na hata kileo kikali. Mswahili hana neno kama hilo. Anayo roho, nafsi, moyo, pepo na mzimu, na kila moja lina mahali pake. Pepo hupungwa kwa ngoma. Roho, lililotoka Kiarabu, lina heshima ya dini, ingawa mlafi naye husemwa ana roho. Kuteua kimakosa kungemgeuza Mungu kuwa shetani wa kupungwa. Aliyemsaidia Krapf kuipima Kiswahili chake alikuwa kadhi wa Mombasa, Mwislamu, jambo ambalo wanahistoria wetu wa fasihi hulipita haraka mno. Sura tatu za mwanzo zilichapishwa Marekani mwaka wa 1847.

Mwaka wa 1849 Krapf alifika Kitui kwa Kivoi, na tarehe 3 Desemba akauona Mlima Kenya. Injili ya Marko kwa Kikamba ilichapishwa Tübingen mwaka wa 1850. Huku Ukambani mtego ulikuwa uleule. Aimu ni roho za wahenga, waliotolewa sadaka chini ya mikuyu. Jina la Mukuyuni, kwetu Makueni, latokana na mti huo. Biblia ya Kikamba inayosomwa leo imewaepuka aimu, ikateua veva.

Safari ya pili, mwaka wa 1851, iliishia kwa kifo cha Kivoi karibu na mto Tana. Krapf alitoroka peke yake, akisafiri usiku, maji ameyatia katika mtutu wa bunduki.

Alifariki Kornthal tarehe 26 Novemba 1881. Kamusi yake ilitoka London mwaka uliofuata. Kwa kuwa usanifishaji ulikifuata Kiunguja, wanafunzi wengi hawaifungui. Hata hivyo, neno lenye maana nyingi halipewi humo kisawe kimoja likaachwa: Krapf hulieleza kwa sentensi za Wamvita, wakati mwingine kwa aya nzima.