Bernhard Grzimek

Bernhard Grzimek (24 Aprili 1909 - 13 Machi 1987) alikuwa daktari wa wanyama, mwandishi na mtengenezaji wa filamu kutoka Ujerumani. Anakumbukwa hasa kwa kazi yake ya kuhesabu na kuhifadhi wanyamapori wa Tanzania, wakiwemo faru weusi.

Maisha ya awali

Alizaliwa mjini Neisse, mji ambao siku hizi uko Poland na unaitwa Nysa. Alisomea tiba ya wanyama Leipzig na Berlin. Hati zilizosalia zinaonyesha kwamba alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1937, ingawa baada ya vita alikana. Mwaka 1945 alipewa kuongoza bustani ya wanyama ya Frankfurt, iliyokuwa imeharibiwa kwa mabomu, akaiongoza hadi mwaka 1974.

Sensa ya Serengeti

Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilikusudia kugawa Hifadhi ya Serengeti. Grzimek na mwanawe Michael walikuwa na fedha zilizotokana na filamu yao ya kwanza kuhusu Afrika, wakataka kununua ardhi ya kuongeza kwenye hifadhi. Mkurugenzi wa hifadhi wakati ule, Peter Molloy, aliwashauri watumie fedha hizo kuhesabu wanyama na kufuatilia njia zao, kwa kuwa mipaka ilikuwa ikipangwa bila mtu kujua makundi yanahama kwenda wapi. Ulikuwa ushauri mzuri kuliko wazo lao wenyewe.

Baba na mwana walijifunza urubani, wakaruka kutoka Ujerumani kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia. Walipita juu ya mbuga kipande kwa kipande wakihesabu kwa macho, na waliwatia baadhi ya wanyama alama ili wawatambue baadaye. Walipata jumla ya wanyama wakubwa 366,980. Sensa za miaka iliyofuata zilionyesha kuwa hesabu ya nyumbu ilikuwa ndogo mno. Hata hivyo njia yenyewe ya kuhesabu kutoka angani ilibaki.

Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi ikaanguka. Michael, aliyekuwa peke yake ndani, alikufa akiwa na umri wa miaka 24, akazikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Mwaka huohuo hifadhi iligawanywa, na matokeo ya utafiti hayakuwahi kuzuia mpaka mpya. Filamu yao kuhusu Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Maabara iliyojengwa Banagi kwa kumbukumbu ya Michael ndiyo chimbuko la Taasisi ya Utafiti ya Serengeti, na kazi hiyo leo iko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI), yenye makao makuu Arusha.

Faru

Mwaka 1962 Grzimek alitoa kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Faru nao ni mali ya watu wote". Kwake, kama faru ni wa dunia nzima, basi dunia nzima igharimie ulinzi wake. Aliomba michango katika kipindi chake cha televisheni, akawahimiza Wajerumani kuja Afrika Mashariki kama watalii, biashara ambayo baadaye iliufanya mji wa Arusha kuwa kama unavyojulikana leo.

Wakati huo faru walikuwa bado wakionekana hata karibu na Mlima Meru, katika kreta ya Ngurdoto iliyofanywa hifadhi mwaka 1960 na sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Sasa hawapo tena. Katika kreta ya Ngorongoro mtafiti John Goddard aliorodhesha faru 108 kati ya mwaka 1964 na 1966, akimtambua kila mmoja kwa umbo la pembe na alama za masikio. Kwa sababu ya orodha hiyo, hasara iliyofuata ilipimika. Majangili waliuza pembe zilizopelekwa Yemeni kutengenezea mipini ya majambia, na Asia ya Mashariki kwa dawa. Barani Afrika faru weusi walipungua kutoka takriban 65,000 mwaka 1970 hadi wasiofika 2,500 mwaka 1995.

Lawama

Grzimek aliamini kwamba watu na wanyamapori hawawezi kukaa pamoja katika hifadhi. Wamasai waliotakiwa kuondoka Serengeti walikuwa wameishi na wanyama hao kwa vizazi vingi, na si wao waliopeleka pembe kwenye masoko ya ng'ambo. Lawama hiyo ni ya haki, na mabishano juu ya ardhi ya Ngorongoro yanaendelea mpaka leo.

Kifo na baadaye

Alifariki Frankfurt akitazama maonyesho ya sarakasi. Majivu yake yaliletwa Ngorongoro, akawekwa kando ya mwanawe. Huko Moru, ndani ya Serengeti, walikuwa wamesalia faru wachache tu, hadi katika miaka ya 1990 dume mmoja aliyeitwa Rajabu alipofika kwa miguu kutoka Ngorongoro. Ulinzi wa Moru umesaidiwa na Shirika la Uhifadhi la Frankfurt, ambalo Grzimek aliliongoza kwa miaka mingi. Mwaka 2010 faru watano waliletwa Serengeti kutoka Afrika Kusini. Mmoja wao aliuawa na majangili kabla mwaka haujaisha.