RAMADHANI 14: Sheikh Abdallah Bakathir na masheikh zake

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Wiki hii baada ya darsa nimeulizwa swali moja na watu zaidi ya mmoja, tena wengine wameniuliza kwa kunong'ona kama wanaoiba: mtu aliyekwisha kushika mkono wa sheikh, akapewa uradi wake na akaukalia kila baada ya Alfajiri, je, akienda kukaa kwenye darsa ya sheikh mwingine amemsaliti wa kwanza? Nimeona nisijibu kwa hukumu. Nawapa maisha ya mtu, muyapime wenyewe.

Sheikh Abdallah bin Muhammad Bakathir, rahimahullah, alizaliwa Lamu mwaka 1860. Asili ya ukoo wake ni Hadhramaut, lakini hakuwa sharifu, na hili mliweke akilini maana wakati ule lilikuwa jambo zito. Kusoma kwake kulianzia kwa masharifu wa Lamu, akiwemo Sayyid Mansab. Baadaye akafika Makka, akakaa mbele ya wanachuoni wa Haram. Kwa hiyo alipofika Unguja hakuwa mtoto wa alifu na bee. Alikuwa mtu mzima ambaye angeweza kufungua darsa yake siku hiyo hiyo na watu wakaja.

Lakini yeye akaenda kukaa chini ya Sayyid Ahmad bin Sumait.

Sasa Sayyid Ahmad alizaliwa Ngazija mwaka 1861. Fanyeni hesabu. Mwanafunzi alimzidi mwalimu wake umri! Si kwa mengi, lakini alimzidi. Leo hapa kwetu mtu akizidiwa mwaka mmoja na imamu anaona tabu hata kumuuliza suala la udhu. Bakathir hakuona tabu. Alimshika Sayyid Ahmad kuwa sheikh wake, akamtii na akamnyenyekea hadi mwisho wa umri, na watu wa Unguja wakazoea kuwataja wawili hao pamoja.

Na Sayyid Ahmad mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani? Huyu alikuwa kadhi wa Unguja tangu ujanani. Akakosana na Sultani Barghash, akaondoka kisiwani, akaenda mpaka Istanbul, akapita Misri na Makka, akafika India na Java, na kila alipofika alitafuta wenye elimu. Alirudi Unguja mwaka 1888 baada ya Barghash kufariki, akashika tena ukadhi. Njia yake ilikuwa ya Alawiya, ile ya masharifu wa Hadhramaut. Hata msiojua jina hilo mnaijua kwa Ratib al-Haddad inayosomwa baada ya Isha katika misikiti mingi ya nchi hii.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Sayyid Ahmad alikuwa na mwanafunzi hodari na mtiifu, aliyemtegemea. Kila mwalimu anamjua mwanafunzi wa aina hiyo, na kila mwalimu (nasema na nafsi zetu sisi tunaofundisha) ana kishawishi cha kumfungia ndani, asije akaonja kwingine akaona chetu ni kidogo. Sayyid Ahmad alifanya kinyume. Kwenye mwaka 1897 hivi alimpa Bakathir barua na akamtuma Hadhramaut, aende kwa masheikh walio hai kule akasome kwao na kuchukua ijaza zao.

Bakathir alikuwa karibu kufika miaka arobaini. Akapanda chombo, akaenda. Alipita miji ya bonde lile, akaketi kwa masheikh mmoja baada ya mwingine, na huko Seiyun alikuwako Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, yule mwenye maulidi ya Simtu Durar yanayosomwa mpaka leo Lamu na kwingineko pwani. Kila mmoja alimwomba ijaza. Safari yote akaiandika kitabu kwa Kiarabu, na humo aliwajaza waalimu aliokutana nao.

Nifafanue kidogo ijaza kwa vijana. Cheti cha chuo kinatolewa na ofisi, ukishakipata hata mwalimu akisahau jina lako kinafanya kazi. Ijaza hutolewa na mtu, naye aliipata kwa mtu, hadi juu. Kwa hiyo Bakathir aliporudi Unguja na ijaza nyingi hakurudi na makaratasi tu, alirudi ameunganishwa na watu wengi. Na bado sheikh wake alikuwa yule yule. Hakurudi akisema kule nimeona wakubwa kuliko wewe, ingawa wengine kati ya wale walikuwa waalimu wa mwalimu wake.

Ilikuwaje isimchanganye? Wanachuoni wa njia hizi wametofautisha masheikh kwa kazi zao. Kuna sheikh wa malezi, huyu ndiye anayekupa uradi na kukuangalia unavyokwenda, anajua hasira yako na uvivu wako. Kwake mtu anatulia. Kuna masheikh wa elimu, nao hawana idadi, fikihi unachukua kwa huyu na nahau kwa yule. Na kuna unayemwendea kwa baraka, ukae naye saa moja, akuombee dua. Ugomvi wetu mwingi unatoka hapa: tunamdai sheikh mmoja awe yote matatu, halafu tunamwona mwenzetu msaliti kwa kwenda kusoma mirathi msikiti wa pili.

Upande mwingine nao upo, tusiufiche. Kuna anayechukua uradi kwa huyu mwezi wa Rajab, Shaaban amepata mwingine kwenye simu, Ramadhani anataka wa tatu, na hakuna hata mmoja alioukalia siku arobaini. Sisi watu wa Kilombero tunaujua mto. Katikati ya maji hamtoki mtumbwi huu mkaingia ule. Kumuuliza mvuvi mwingine maji yanakwendaje ni jambo jingine, hilo hata mwenye mtumbwi wako anakuuliza kama uliuliza.

Na msidhani jambo hili ni dogo, la kununiana tu kwenye varanda ya msikiti. Katika zama hizo hizo za Bakathir aliishi Sheikh Uways wa Barawa, ambaye kupitia kwake na makhalifa wake Qadiriya ilienea sana Unguja na huku bara, zikri ile ambayo wengi wenu mmekulia ndani yake. Mwaka 1909 Sheikh Uways aliuawa Biyole, Somalia. Waliomuua hawakuwa makafiri. Walikuwa wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan, watu wa tarika ya Salihiya, watu wanaomtaja Allah asubuhi na jioni. Siasa za wakati ule zilikuwamo, ndiyo, lakini pande zote mbili zilikuwa zimekwisha kurushiana maneno mazito muda mrefu kabla ya damu kumwagika. Mtu alianza kwa kumpenda sheikh wake, akaishia kuona halali damu ya muridi wa sheikh mwingine.

Unguja haikufika huko. Kulikuwa na Alawiya, kulikuwa na Qadiriya, kulikuwa na Shadhiliya iliyotoka Ngazija, na palikuwa na mabishano, msidhani hapakuwa. Ila watu wakubwa walikuwa wakisomeshana. Sayyid Ahmad alikuwa na mwanawe, Sayyid Umar, ambaye baadaye naye alikuja kuwa mwanachuoni mkubwa. Baba mtu alikuwa na uwezo wa kumsomesha mwenyewe, na alimsomesha, lakini alimpeleka vilevile kwa Bakathir. Yaani mtoto wa sheikh, sharifu, anakaa chini ya mwanafunzi wa baba yake ambaye si sharifu. Kwa mila za wakati ule hilo linasema mengi juu ya wote watatu.

Madrasa ya Bakathir ilikuwa Ukutani, Mji Mkongwe, na ikajulikana kwa jina lake. Hakuzuiwa kutoka, wala hakujifungia. Katika miaka ya 1910 Waislamu wa Cape Town, kule Afrika Kusini, waligombana juu ya Swala ya Ijumaa, na aliyetumwa kutoka Unguja kwenda kuwasuluhisha ni yeye. Nadhani ni sawa alitumwa huyu. Aliyekaa kwa masheikh wengi anajua kwamba watu wawili wanaweza kutofautiana katika jambo na wote wakawa wamelichukua kwa mwenye elimu.

Mwaka 1925 walifariki wote wawili, Sayyid Ahmad na Sheikh Abdallah, mwaka mmoja, kama walivyozaliwa karibu karibu. Madrasa ikaendelea kwa mwanawe, Sheikh Abubakar. Na kwa Sheikh Abubakar alisoma kijana mmoja ambaye jina lake liko kwenye makabati yenu mengi, maana ndiye aliyeifasiri Kurani kwa Kiswahili: Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Sheikh Farsy katika utu uzima wake alitofautiana na mengi aliyolelewa nayo. Alikosoa baadhi ya mambo ya watu wa tarika na ya maulidi kwa ulimi mkali, na wapo waliomchukia kwa hilo mpaka leo, hata hapa Ifakara nimesikia. Lakini ni nani aliyekaa akaandika kwa Kiswahili maisha ya Sayyid Ahmad bin Sumait, ya Bakathir, ya Sayyid Mansab na wengineo, nani alisoma kwa nani na nani alifariki lini, ili wasisahaulike? Ni yeye huyo Farsy. Mengi ninayowasimulia leo tumeyapata kwa kalamu yake.

Kwa hiyo wale mlioniuliza kwa kunong'ona: mwulizeni sheikh wenu waziwazi, mwambieni nataka kwenda kusoma kitabu fulani kwa fulani. Mkiona uzito wa kumwambia, uchunguzeni huo uzito unatoka kwenu au kwake. Na sisi tunaofundisha, tukiombwa ruhusa hiyo, tukumbuke zile barua alizobeba Bakathir, nani aliziandika.

Nabii Musa, alayhi salaam, naye alisafiri kumtafuta mja mwenye elimu asiyokuwa nayo yeye. Kisa hicho kimo katika Suratul Kahf na tutakisoma kesho baada ya Alasiri inshaallah. Mje na misahafu. Akina mama, mkeka wenu utakuwa upande wa kibla ya zamani kama kawaida.

Allah awarehemu masheikh wetu wote, tuliosoma kwao na ambao hatukuwahi kuwaona. Amin.