Bibi C. J. Walker, Dobi Aliyetembeza Mafuta ya Nywele

(Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne)

Bwenini kwetu, tukianza kuhesabu matajiri wa dunia, hutajwa wanaume wa mafuta ya petroli, wa reli na wa motokaa. Mimi nimependa kuwaletea wasomaji habari za mwanamke aliyetajirika kwa mafuta ya kichwani, akiyatembeza mwenyewe mlango kwa mlango. Nimemchagua kwa kusudi. Mwaka huu sisi wa Kidato cha Nne tunamaliza, na wako miongoni mwetu wanaosema kwamba kutembeza bidhaa ni kazi ya aliyeshindwa masomo. Bibi huyu hakuwa na masomo ya kushindwa, kwani darasani hakukaa zaidi ya miezi michache.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Sarah Breedlove. Alizaliwa tarehe 23 Desemba, 1867, katika shamba la pamba huko Delta, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Wazazi wake walikuwa watumwa katika shamba hilo hilo, naye alikuwa wa kwanza katika watoto wao kuzaliwa huru. Alipofika miaka 7 alikuwa amekwisha fiwa na baba na mama. Akalelewa na dada yake, lakini shemeji alikuwa mtu mkali, hata ili aipate nafasi ya kuondoka katika nyumba ile akaolewa na miaka 14. Mwaka 1885 akamzaa binti, Lelia. Miaka miwili baadaye mumewe akafa, naye akawa mjane wa miaka 20 mwenye mtoto mgongoni.

Basi akaenda St. Louis, walikokuwa kaka zake wakifanya kazi ya unyozi, na huko akafua nguo za watu kwa miaka mingi. Ujira wake ulikuwa kama dola moja na nusu kwa siku, na kwa fedha hiyo akamsomesha Lelia. Tena nywele zake zikaanza kunyonyoka. Nyumba za maskini siku zile hazikuwa na maji ya bomba, wanawake walikaa muda mrefu bila kuosha kichwa, na mba na magonjwa ya ngozi yakawala nywele. Kwa hiyo haja ya wateja wake aliijua kwa kichwa chake mwenyewe.

Hapa pana jambo ambalo wengine hulipitia mbio, nami sitaki kulificha. Bibi Walker hakuwa wa kwanza katika biashara hii. Alikuwako St. Louis mwanamke mwingine mweusi, Annie Turnbo, aliyetengeneza dawa ya nywele na kuwatuma wanawake kuiuza majumbani, na Sarah alikuwa mmoja wa wauzaji wake. Mwaka 1905 Sarah akahamia Denver, inasemekana akiwa na akiba ya dola moja na nusu tu, na baada ya muda akaanza kuuza dawa yake mwenyewe. Bibi Turnbo akalalamika kwamba ameigwa. Sarah alisimulia kwamba dawa ile aliioteshwa usingizini. Mimi naona ndoto ile ilikuwa pia tangazo zuri la biashara, kwa kuwa mafuta mazito yaliyochanganywa na kiberiti yalikuwa yakijulikana zamani kuwa ni dawa ya ngozi ya kichwa.

Kama dawa haikuwa mpya, alishindaje? Nadhani alishinda kwa namna ya kuuza. Mwaka 1906 aliolewa na Charles Joseph Walker, mtu wa matangazo ya magazeti, naye akaanza kujiita Madam C. J. Walker. Kisha akafunga safari za mwaka na nusu hivi katika majimbo ya kusini. Alipofika mjini alikwenda makanisani na majumbani, akaomba mwanamke mmoja akae kitini, akamwosha kichwa, akampaka dawa, na wengine wakitazama. Aliyenunua kikopo alifundishwa kukitumia, na aliyependa alifundishwa kuuza. Shangazi yangu hutembeza khanga, naye husema mteja hanunui mpaka aishike nguo kwa mkono wake. Nilipokuwa nasoma habari za Bibi Walker nilimkumbuka.

Mapato yalipofika dola 10 kwa siku, mumewe akaona inatosha, wakae watulie. Mke hakukubali. Naona hapo ndipo njia zao zilipoachana, ijapokuwa talaka ilikuja baadaye, kama mwaka 1912. Mwaka 1908 alifungua chuo huko Pittsburgh, akakiita kwa jina la Lelia, na mwaka 1910 akajenga kiwanda Indianapolis. Maelfu ya wanawake wakawa mawakala wake. Wengi walikuwa wafuaji na wapishi kama alivyokuwa yeye, na sasa waliweza kupata kwa siku chache fedha waliyokuwa wakiihangaikia kwa wiki nzima.

Mwaka 1912, huko Chicago, ulikuwako mkutano wa wafanyabiashara weusi, mwenyekiti akiwa Booker T. Washington, mtu mkubwa sana kwa watu wake. Bibi Walker akaomba kusema. Hakupewa nafasi. Siku ya mwisho akainuka bila ruhusa, akawaambia wakubwa wale waziwazi kwamba ametoka katika mashamba ya pamba na karai la kufulia, na kwamba kiwanda chake kimejengwa katika ardhi yake mwenyewe. Mwaka uliofuata Washington mwenyewe alimwalika kusema.

Mwaka 1917 akawakusanya mawakala zaidi ya 200 huko Philadelphia. Aliwatunza waliouza sana, na akawasifu pia waliotoa sana kuwasaidia wahitaji wa miji yao. Mwaka ule watu weusi wengi walikuwa wameuawa na makundi ya wazungu huko East St. Louis, basi wanawake wale, wauza mafuta ya nywele, wakapeleka simu ya maandishi kwa Rais Wilson kudai sheria ya kuzuia mauaji ya namna hiyo. Sheria hiyo hawakuipata.

Alifariki tarehe 25 Mei, 1919, akiwa na miaka 51, katika jumba lake karibu na mto Hudson. Wengi humwita milionea, lakini mali yake ilipohesabiwa haikufika milioni. Katika wasia aliagiza theluthi mbili za faida ya baadaye ya kampuni ziende katika kazi za hisani. Na kiti chake katika kampuni kikashikwa na Lelia, yule aliyesomeshwa kwa fedha za udobi.