Harvey, bwana aliyepanga mwani kwa rangi

Sisi watu wa pwani tukiona kitu cha kijani kinaelea majini tunakiita mwani, mazungumzo yamekwisha. Nilipofika Kendu Bay, kaunti ya Homa Bay, nilikuta ukingo wa ziwa umetandwa utando kama rangi iliyomwagika. Nikajisemea kwa sauti kwamba kwetu Kibuyuni akina mama wanaulima huu na kuuza. Kijana mmoja aliyekuwa akianika omena alinicheka sana. Nilikuwa nimekosea, na kosa langu alishalifanya bwana mkubwa kabla yangu, William Henry Harvey.

Harvey alizaliwa mwaka 1811 karibu na Limerick, Ireland, mtoto wa mwisho kati ya 11 wa mfanyabiashara. Kazi ya duka haikumwingia. Yeye alikuwa mtu wa kuokota mimea na mwani ufukoni. Familia ilimtafutia kazi ya mweka hazina wa serikali huko Cape Town, na hapa pana kisa. Inasimuliwa kwamba barua ya uteuzi iliandikwa kwa makosa jina la kaka yake, Joseph. Basi wakasafiri wote wawili mwaka 1835, mmoja na cheo, mwingine na mikoba ya kukaushia majani. Joseph akaugua, akafia baharini mwaka 1836 wakirudi nyumbani, na William akakabidhiwa kiti cha marehemu. Alirudi Afrika, akawa anaokota mimea alfajiri na kuhesabu fedha mchana, mpaka afya ikamvunjikia. Mwaka 1842 aliacha kazi moja kwa moja.

Lakini mwaka ule ule wa msiba alichapisha jambo lililobaki. Kabla yake, Linnaeus aliutupa mwani katika kapu moja la mimea isiyo na maua, na waliomfuata walitazama zaidi umbo. Umbo linadanganya, maana mwani wa koo mbalimbali unaweza kuwa na matawi yanayofanana. Harvey akasema tuanze na rangi: kahawia, nyekundu, kijani, na kundi la nne la diatomu, vile vidude vyenye ganda kama kioo. Alibahatisha vizuri, kwani rangi hutokana na kemikali zinazonasa mwanga, na kemikali hizo hufuata ukoo. Leo tunajua kuwa mwani wa kahawia hauna udugu wa karibu kabisa na wa kijani.

Si kwamba jicho linatosha. Spinosamu yetu ya Kibuyuni hutoka majini ikiwa ya kahawia au ya kijani, na bado ni ya kundi jekundu. Wanunuzi wanaijua kwa ute wake, si kwa rangi.

Harvey alipoteleza ni kwenye utando kama ule wa Kendu Bay. Viumbe vya aina hiyo aliviweka pamoja na mwani wa kijani. Karne iliyofuata, hadubini zenye nguvu zilionyesha kuwa seli zake hazina kiini. Ni bakteria wanaojipikia chakula kwa jua, na huitwa sayanobakteria. Spirulina ya ziwa Simbi Nyaima, pale pale jirani, ni jamaa zao, na heroe huila. Lakini Microcystis wa Ghuba ya Winam ni habari nyingine. Ghuba ni ya kina kifupi, mito inaleta mbolea na maji machafu, na baadhi yao hutoa sumu inayoharibu ini. Kuchemsha hakuiondoi. Nilipopita Karungu, upande wa Migori, ziwa lilikuwa wazi na upepo unayachanganya maji. Siku ile sikuona utando.

Harvey mwenyewe hakuchoka kusafiri. Kati ya 1853 na 1856 alifika Ceylon, Australia, Tonga na Fiji, kisha akawa profesa wa mimea Dublin. Alioa mwaka 1861, na kifua kikuu kikamuua mwaka 1866 huko Torquay, Uingereza, akiwa na miaka 55.

Yule kijana wa omena, alipomaliza kucheka, alinishika mkono akanipeleka juu mbali na ziwa, kwenye kisima cha pampu ambako mama yake huchota maji ya kunywa utando ukiingia. Nilijaza chupa yangu huko.