Habib Swaleh na watoto wasiotulia chuoni

Kila Mfungo Sita ukifika, mabasi hujaa watu wetu wa Kisauni na Likoni wakielekea Mokowe wavuke kwenda Maulidi ya Lamu. Wengi humkumbuka Habib Swaleh kwa matari. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha watoto wadogo, humkumbuka kwa ualimu wake.

Swaleh bin Alawi Jamalilleyl alizaliwa Ngazija katika karne ya 19, akaja Lamu akiwa kijana. Mji ule ulikuwa wa madaraja. Elimu ya juu ya dini ilizunguka katika nyumba chache za mawe, baba kwa mwana. Watoto wa watumwa na wa wageni, waliokaa nyumba za makuti upande wa Langoni, hawakuhesabiwa kuwa watu wa kitabu. Habib, sharifu mwenye nasaba yake, akaenda kukaa huko huko na kuwasomesha. Wakubwa wa mji hawakufurahi, na yeye hakuacha.

Kisha akaingiza Maulidi ya Habshi, yaliyotungwa Hadhramaut, yakisomwa kwa matari na watu wakiyumba pamoja. Masheikh wamebishana juu ya jambo hilo mpaka leo, na ugomvi huo siuingii hapa. Ninachokiona mimi ni kwamba mtu aliweza kujifunza huku mwili wake ukitikisika. Msikiti wa Riyadha ukasimama mwanzoni mwa karne ya 20, na wanafunzi wake wakatawanyika pwani nzima kufungua vyuo. Alifariki 1935, Allah amrehemu.

Maradhi ya kukosa utulivu na umakini hayakuwa na jina Lamu wakati huo. Lakini mtoto aliyekwisha kuambiwa si wa kitabu alikuwako, na yuko leo Likoni. Ni yule anayegonga dawati na kuinuka mara kumi. Ni yule mwingine anayetetemeka na kujishika tumbo akiitwa asome mbele ya wenzake. Wa kwanza huitwa mtundu, wa pili huambiwa ana jini, na wote wawili hula bakora, ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeikataza shuleni. Akifukuzwa, magenge ya mapanga hayamuulizi kama anaweza kutulia.

Msiotulia mkalishe mbele, mbali na mlango. Mpe kazi fupi, kisha mtume afute ubao au agawe vitabu, arudi. Mwenye wasiwasi mwambie tangu jana aya atakayosoma, akusomee wewe peke yako kwanza. Hakuna hata moja hapo linalotaka pesa, ila subira, nayo darasani kwa watoto sitini ni ghali, walimu wenzangu mnajua.

Na mzazi ukiitwa uambiwe mwanao hafai, usimtoe kwanza. Uliza kituo cha serikali cha kupima mahitaji ya wanafunzi, vituo ambavyo nchi hii imekuwa navyo tangu 1984, umpeleke huko.