Robert Hooke: Mnyororo Uliopinduliwa Ukawa Tao

Mtahiniwa, jina la Hooke umelikariri kwenye fizikia kwa sababu ya springi. Sasa mjue kwa sababu ya daraja.

Robert Hooke alizaliwa mwaka 1635 katika kisiwa cha Wight, Uingereza. Baba yake alifariki mwaka 1648, naye akaenda London kusoma. Alipitia Oxford, akawa msaidizi wa Robert Boyle, na mwaka 1662 akapewa kazi ya kuonyesha majaribio mbele ya wanasayansi wa Royal Society. London ilipoungua mwaka 1666, alikuwa miongoni mwa wapimaji walioipima upya.

Wajenzi wa siku hizo walichagua umbo la tao kwa uzoefu na kanuni za mazoea. Hooke aliutazama mnyororo. Shika mnyororo wa baiskeli ncha zote mbili, katikati uning'inie. Kila pingili inavutwa. Pindua umbo hilo juu chini, ulijenge kwa mawe: kila jiwe linabanwa. Jiwe huhimili kubanwa, lakini likivutwa hupasuka.

Mwaka 1675 aliuficha ugunduzi huo katika fumbo la herufi za sentensi ya Kilatini, zilizopangwa kialfabeti. Ubahili wa ajabu, ukiniuliza. Alifariki mwaka 1703, na jibu likachapishwa mwaka 1705. Funksheni yenyewe ya mnyororo hakuipata. Leibniz, Huygens na Johann Bernoulli waliitoa mwaka 1691. Hiyo ni ngumu kwako kwa sasa. Lakini tao likiwa jepesi, na uzito wa barabara ukisambaa sawasawa kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, umbo linalofaa ni parabola, na hiyo unaiweza.

Chukua korongo la upana wa mita 20, kama yanayokata njia huku Mwakitolyo wakati wa mvua. Tao lina kimo cha mita 4. Pima x kutoka katikati na y kutoka usawa wa kingo: y = 4 − ax². Kingoni x = 10 na y = 0, basi a = 4/100 = 1/25. Wengi huweka x = 20 hapa, wakapoteza alama zote zinazofuata.

Barabara ikiwa mita 5 juu ya usawa wa kingo, nguzo iliyo mita 5 kutoka katikati inasimama mahali ambapo y = 4 − 25/25 = 3. Urefu wake ni 5 − 3 = mita 2. Tafuta urefu wa nguzo iliyo mita 8 kutoka katikati. (Jibu: mita 3.56)